Boriti Isiyo na Dirisha

Siku nilipokabidhi funguo za Ngome ya Itendele, kijana aliyezipokea alizipima mkononi, akaniuliza upi ni wa mlango upi. Nikamwambia ngome ina lango moja tu, na lango hilo halijawahi kufungwa kwa ufunguo tangu nifike. Funguo nyingine ni za makufuli yaliyokwisha kuibwa. Alicheka kwa adabu, kama mtu anayecheka mbele ya mama mkwe. Ndipo nikaona kwamba nisipoandika, nyinyi mnaokuja mtaachiwa rundo la vyuma na ukuta mrefu, na hata la kuuliza hamtakuwa nalo.

Habari za vyeo na mishahara naziacha. Cheo changu kilikuwa mhifadhi. Nilianza nacho na nimestaafu nacho. Mshahara mnaujua, ni huohuo wenu. Nitaandika habari za udongo, za mvua, na za mzee mmoja aliyekuwa mfagizi wetu, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi niliyoijua alinifundisha yeye, na mtihani mgumu kuliko yote niliyopewa ulimhusu yeye.

Mimi ni mzaliwa wa Ngokolo, Shinyanga mjini, mtoto wa nyumba ya bati na sakafu ya saruji. Nilisomea mambo ya kale nikiota kupangiwa pwani, kwenye magofu ya mawe ambako wageni hupiga picha. Nikapangiwa Itendele, kati ya Masumbwe na Ushetu, njia ambayo masika gari huishia katikati na abiria humalizia kwa miguu. Mama yangu aliposikia kwamba ni ngome ya udongo, aliuliza, "Sasa mwanangu, udongo nao unalindwa?" Swali hilo nimelijibu miaka yote ya kazi, na bado sina hakika kama nimelijibu vizuri.

Nilifika nimevaa viatu vya kisigino, jambo ambalo kijijini halikusahaulika hadi juzi waliponiaga. Mbele ya lango alikuwapo mzee mrefu, mwembamba, mwenye koti la kaki, anafagia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mayu," akasema. Mayu ni mama kwa Kisukuma. Huku kila mwanamke huitwa hivyo, hata akiwa msichana. "Wewe ndiye mwenye ngome?"

"Ndiyo," nikajibu, kwa kiburi cha barua ya ajira mkobani.

"Basi karibu kwako." Akainama akaendelea kufagia.

Mara akapita mama mmoja na mzigo wa kuni. Akautua, akapiga magoti vumbini, akapiga makofi ya taratibu na kuinamisha kichwa. Nikadhani wameshasikia kwamba mhifadhi amefika. Nikaanza kuitikia, "Asante, mama, inuka." Yule mama alinitazama kwa huruma. Alikuwa akimwamkia mfagizi.

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba Mzee Luhende ndiye aliyekuwa mtemi wa mwisho wa Itendele. Alirithi kiti kwa baba yake akiwa kijana, akakikalia muda mfupi, kisha nchi ikapata uhuru na utemi ukafutwa. Alitoka langoni na sanduku juu ya baiskeli. Akawa karani wa mahakama, akawa mpima tumbaku huko Ushetu, na serikali ilipoitangaza ngome kuwa mali ya kumbukumbu na kutafuta mfagizi, yeye akaomba. Walimpa kazi na chumba ndani ya ngome, kando ya lango. Neno ikulu mnalolisikia redioni kila siku limetoka kwetu huku; ikulu ni makao ya mtemi. Kwa hiyo nilikuwa na mfagizi aliyekuwa anafagia ikulu yake mwenyewe, na mimi ndiye niliyekuwa bosi wake. Wiki za kwanza sikujua hata nimwombe vipi chai.

Yeye hakuwa na shida hiyo. Alinitania tangu mwanzo. Nikichelewa, husema, "Mtemi mpya analala sana." Na aliponiona naogopa kumpa kazi, alinikalisha akaniambia, "Mayu, mimi nilishatawala. Sikuwahi kupata nafasi ya kufagia. Usininyime."

Somo lake la kwanza lilikuwa kuuzunguka ukuta. Mtauzunguka na nyinyi, na nawaomba msiuzunguke na simu mkononi. Ukuta ni mnene kiasi kwamba mtu akilala kwa upana wake, miguu haitokezi. Ulijengwa kwa tofali mbichi za udongo wa kichuguu, wakati Wangoni walipokuja kutoka kusini wakivamia na kuswaga ng'ombe. Nje yake kulipandwa minyaa, ule mti ambao utomvu wake ukiingia jichoni hutaiona vita yako tena. Ndani, nyumba za tembe ziliegemezwa ukutani, na ng'ombe walilala katikati. Wangoni waliizingira ngome wakaishia kuchoka. Baadaye Wajerumani waliingia kwa barua na bunduki, wakajenga lango la mawe na kuweka askari wao. Waingereza wakaweka mahakama na mahabusu. Baada ya uhuru ikawa ghala la tumbaku; kile chumba cha kona bado hunukia tumbaku mvua ikinyesha. Kisha watu wakahamishiwa kwenye vijiji vipya, ngome ikabaki na popo.

Historia hiyo niliisoma chuoni kabla sijafika. Ambacho sikukisoma ni viraka. Mzee Luhende alisimama upande wa kaskazini akanionyesha mahali ambapo udongo ni mwekundu zaidi, umbo la mlango mfupi.

"Hapa alitoka mtemi wa kwanza."

"Alitoka kwenda wapi?"

"Alikufa, mayu. Mtemi akifa hapiti langoni. Langoni hutoka wanaorudi. Asiyerudi hutobolewa njia yake, akishapita huzibwa, na anayeziba ni mtu asiye wa ukoo."

Tukaenda hivyo, kiraka kwa kiraka. Kile chenye mawe na chokaa ndani yake ni cha mtemi aliyekufa wakati wa Wajerumani. Askari wao walitaka pazibwe kwa nguvu, waliogopa. Kile cha matofali ya kuchoma ni cha baba yake mwenyewe. Kila mtemi alitolewa upande alikotoka mama yake, kwa hiyo viraka vimetapakaa ukuta mzima, na ukivijua unajua ndoa za utemi huu wote bila kufungua kitabu. Tangu siku hiyo nikaacha kuviona kama kasoro. Fundi mzuri wa kazi hii, vijana, si yule anayesawazisha kila kitu.

Nilikuwa bado mgeni, mdomo haukuwa na breki, nikamwuliza, "Na wewe, mzee, utatokea wapi?"

Alitazama ufagio wake. "Mimi nilivuliwa. Aliyevuliwa hutoka langoni kama watu wengine. Nilishatoka mara moja, nikarudi na huu."

Alicheka. Mimi niliumia, nikauliza bei ya samadi.

Sasa habari za kazi yenyewe. Udongo wa kukandikia haufinyangwi na kutumika siku hiyohiyo. Changanya udongo wa kichuguu, mabua yaliyokatwakatwa na samadi, mwagia maji, uache uoze mpaka unuke na majirani waanze kulalamika. Wakilalamika, uko tayari. Timazi, ile kamba ya kupimia wima, ni rafiki yako, macho yako si rafiki yako. Mchwa wakionekana chini, tafuta maji yanatoka wapi, kwa sababu mchwa ni matarishi tu. Na mwiko wa kujengea msiazimishe. Wangu niliununua Kahama mwezi wangu wa kwanza, umelika mpaka umekuwa mdogo kama kijiko cha wali, na bado ninao.

Wachimbaji walipofika na dhahabu ikaonekana upande wa Masumbwe, nilijua zamu yetu itafika. Ikafika asubuhi moja, kwa sauti ya kijana mmoja Mngoni kutoka Songea, jina lake Mbano, msimamizi wa duara moja, yaani shimo la dhahabu. Alikuja na wenzake na majembe, akasimama langoni.

"Shikamoo, mzee. Nimefuata mali ya babu zangu."

"Marahaba. Mali gani?"

"Mikuki. Waliirusha humu ndani, hadi leo hamjairudisha."

Mzee Luhende alicheka mpaka akashikilia lango. Mnajua watu waliopigana zamani ndio watani wa leo; Mngoni anaweza kumtukana mtemi wa huku, na mtemi akafurahi. Mimi sikufurahi, nilikuwa nimeona majembe. Nikaanza kuwasomea sheria ya mambo ya kale kwa sauti ya mwalimu wa zamu. Mzee akanigusa mkono, akamwambia Mbano, "Vua kofia. Jaza udongo wa hapa uani. Nenda kaoshe. Ukiona kitu, rudi na jembe. Usipoona kitu, rudi na kuku."

Mbano alirudi na kuku. Tukamla pamoja, na hakuna mchimbaji aliyetusumbua tena, maana habari za udongo usio na kitu huenea upesi kuliko habari za dhahabu. Kila alipopita baada ya hapo, Mbano alidai arudishiwe kuku wake, na mzee alimjibu kwamba wanangojea matundu ya mikuki ile ukutani yalipwe kwanza.

Majembe yale yalinitisha, yakaniharibia sifa ya upole niliyokuwa nimeanza kuipata, kwa sababu baada ya hapo nikawa mkali. Kijiji kizima kilijua. Jirani mmoja alichukua tofali tatu za ukuta kujengea meko, nikampeleka kwa mtendaji wa kijiji, akazirudisha mbele ya watu akiwa na masizi mikononi. Waliniita Mama Ukuta. Walionipenda tu ndio waliobaki kuniita Mama Kulwa, kwa watoto wangu pacha, Kulwa na Doto. Sijutii. Ukuta wa udongo hauibiwi siku moja, huibiwa tofali kwa tofali na watu wema.

Kisha ukaja mradi mmoja na saruji. Fundi wao alikuwa mtu mwema pia. Waliupiga lipu upande wa kusini, unaotazama Ushetu, ukang'aa. Mzee aliupapasa, akaguna, akaenda kufagia kwingine. Udongo hupumua, ukiuvika saruji, maji huingia kwa juu na kukosa pa kutokea. Zikaja mvua zile kubwa ambazo kila mtu huku anazikumbuka. Tulikuwa tumekaa langoni tunakula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa chai, tukasikia kishindo kama gunia la mahindi limetupwa. Tulipofika, kipande cha ukuta wa kusini kilikuwa kimelala, na ng'ombe wa jirani walikuwa wanatutazama kupitia pale.

Nililia waziwazi. Mzee Luhende alisimama mbele ya uwazi ule, akatazama mbali ng'ambo ya mashamba ya tumbaku. "Upande wa mama," akasema. Nikadhani anaongea peke yake, wazee huongea.

Tuliujenga upya kiangazi. Akina mama wa kijiji walikanyaga udongo kwa nyimbo, vijana wakafyatua tofali, nikawa nashika timazi. Kipande kirefu tulikijenga sote. Sehemu ya mwisho, upana wa mlango, mzee alisema ataijenga mwenyewe. Nikamwachia, kisha nikaenda kukagua, nikapandwa na hasira. Alikuwa amepanga tofali zake kingo zikiwa zimenyooka wima pande zote mbili, hazikuingia hata kidogo kwenye ukuta wa jirani. Ukijenga vizuri, tofali mpya huingia kati ya za zamani kama vidole vya mikono miwili iliyofumbatana. Zake zilisimama tu, bega kwa bega.

"Mzee, hapa patapasuka."

"Patapasuka."

"Sasa?"

"Sasa lete tofali."

Nikamletea. Udongo aliokuwa akitumia nao ulikuwa na mchanga mwingi mno, usioshika. Nikasema, akasema macho yake yamezeeka. Alipofika juu, akaleta boriti ya mninga aliyoiokoa kwenye paa la lile ghala la tumbaku, akailaza juu ya kazi yake, mwisho mmoja ukutani huku, mwisho wa pili ukutani kule, kisha akaendelea kujenga juu yake.

"Boriti ya nini, na dirisha hakuna?"

"Ukuta nao unachoka, mayu. Upate pa kuegemea."

Nyinyi mnaosoma mmekaa na mnaelewa upesi. Mimi nilikuwa na ukuta mzima wa kuangalia, na mvua zilikuwa njiani.

Palipasuka kama tulivyokubaliana. Nyufa mbili zilizonyooka, kutoka chini hadi kwenye boriti, moja kila upande. Kila kiangazi nilizijaza udongo mzuri, na kila nilipopita tena nilikuta umekwanguliwa. Nikawashuku mbuzi, maana mbuzi hulamba udongo wenye chumvi. Nikawashuku watoto wa shule. Nikaweka miiba, na Mzee Luhende akanisaidia kuipanga, akaniambia, "Weka na hapa, mbuzi wa siku hizi ni wajanja." Wakaguzi walipokuja kutoka Dodoma waliuliza kwa nini nyufa zile zimenyooka hivyo. Nilijibu kwamba tunazifuatilia. Zilikuwa aibu ya kazi yangu, na nilizifuatilia miaka mingi, mpaka nywele zangu zikaanza kufanana na za mzee.

Aliendelea kufagia hata baada ya kustaafishwa. Hatukumwambia aache na hakuuliza. Alipoanza kuishiwa nguvu, binti yake Nyanzobe, mwalimu wa Masumbwe, alimpeleka hospitali Kahama. Akakaa siku chache, akaomba arudishwe. Akalazwa kwenye kile chumba chake kando ya lango. Nilikuwa namletea uji, na siku moja alinishika kidole akasema, "Mayu, usije ukagombana na ofisi kwa ajili yangu."

"Nigombane kwa lipi?"

"Nasema tu."

Alifariki asubuhi, ngome ikiwa imefagiliwa. Aliyefagia siku hiyo nilikuwa mimi.

Kabla ya saa sita uwanja wa nje ulikuwa umejaa. Walikuja Wasumbwa, Wasukuma, Wakristo na kanzu za kwaya, Waislamu wa sokoni, wazee wa ukoo na fimbo zao. Kaburi lilikuwa limekwisha kuchimbwa nje, upande wa kusini. Nyanzobe alinifuata, kitenge kimefungwa kiunoni, macho makavu.

"Mama Kulwa, baba hatoki langoni."

Nilikuwa nikiliogopa neno hilo tangu asubuhi. "Mwalimu, mwenyewe aliniambia aliyevuliwa hutoka langoni."

"Alikuambia wewe kwa sababu wewe ni ofisi. Waulize hawa wazee kama kuna aliyemvua." Wazee wakagonga fimbo chini.

Nikampigia simu afisa utamaduni wa wilaya. Alinisikiliza vizuri, nisimseme vibaya, alikuwa kijana muungwana. Kisha akasema, "Mama, huo ni ukuta wa kale unaolindwa kwa sheria. Si wewe uliyempeleka mtu kwa mtendaji kwa ajili ya tofali tatu? Leo utoboe mlango?" Yule niliyempeleka kwa tofali tatu alikuwa amesimama pale pale akisikiliza, kofia mkononi.

Nikarudi kwa Nyanzobe nikamwambia, "Siwezi, mwanangu. Nikitoboa leo, kesho sina cha kumzuia yeyote."

"Basi atakaa," akasema. "Atakaa humo ndani mpaka ukuta uanguke wenyewe."

Niwaambie ukweli wa moyo wangu saa ile. Nilimpenda yule mzee kama baba. Na ukuta ule niliupenda vilevile, nilikuwa nimeupa ujana wangu. Nilijua nikikataa, mtemi aliyefagia kwa uvumilivu miaka yote atazikwa kama mfagizi, na mimi ndiye nitakayekuwa nimemvua mara ya pili. Nikichagua kukubali, nitakuwa nimebomoa kwa mkono wangu kile alichonifundisha kukilinda. Nikachukua mwiko wangu nikaenda upande wa kusini, kwa ndani, mahali ambapo watu hawakuwapo, nilie kidogo.

Mbano akanifuata. Sasa naye alikuwa na mvi na kitambi, lakini mtani hazeeki. "Babu zetu walishindwa kuubomoa ukuta huu," akasema. "Leo mmetuita wenyewe msibani, halafu mnatunyima. Basi nirudishieni kuku wangu niende."

"Mbano, niache."

Hakuniacha. Alikuwa na nyundo yake ndogo kiunoni, na kwa mazoea tu akaanza kugonga ukuta, kama wanavyogonga mwamba kule chini kujua kama utawaangukia. Aligonga huku, akasogea, akagonga kule. Akategea sikio. Akagonga tena kati ya zile nyufa zangu mbili.

"Mama Kulwa, huku kunajibu kivingine. Huku kote kumejengwa. Hapa pamepangwa tu."

Nikainua macho kumwambia aache, na macho yangu yakaangukia ile boriti.

Vijana, nilikaa chini. Boriti bila dirisha. Nyufa zilizonyooka kama zimepigwa kwa kamba. Udongo wa mchanga usioshika. Mbuzi wajanja. Upande wa mama yake. Mzee yule alikuwa amejijengea njia yake ndani ya ukarabati wangu, mbele ya macho yangu na timazi yangu, na kwa miaka yote akawa anaikwangua isije ikashikamana. Nilimlilia, nikamkasirikia, nikacheka, yote kwa pamoja, na Mbano akabaki ananishangaa. Alijua siku hii itafika. Alijua nitasimama kati yake na ofisi, na hakutaka nichague. Jambo pekee alilolitaka kwenye ikulu yake hakuliomba kwa mtu, alilificha mahali ambapo lisingemwumiza mtu.

Nikapiga simu tena. "Bwana afisa, ile sehemu ya kusini iliyoanguka kwa mvua zile, tukaijenga upya. Nayo ni ya kale?"

"Ile? Hapana, ile ni ukarabati wenu. Hata kwenye eneo la ulinzi mkali haimo. Kwa nini?"

"Asante sana," nikasema, nikakata kabla hajamaliza kufikiri.

Nilianza mwenyewe, kwa ncha ya mwiko. Tofali ya kwanza ilitoka nzima, mchanga ukamwagika nyuma yake. Watani, Mbano na wenzake, wakaingia kazini, wakawa wanazipokezana na kuzipanga kando kama mikate. Ukuta wa zamani huku na kule haukupoteza hata vumbi. Boriti ilishika kila kilichokuwa juu yake, kama ilivyowekwa kushika. Mchana uleule kulikuwa na mlango uliosimama wima, na ng'ambo yake mashamba ya Ushetu.

Wakampitisha. Wanawake walipiga magoti, wakapiga yale makofi ya taratibu niliyowahi kuyaitikia kwa ujinga siku yangu ya kwanza. Safari hii nami nilipiga magoti. Mbano alimsindikiza akilalamika kwa sauti, "Kumbe ukuta ulikuwa na mlango! Babu zetu wangeambiwa tu!" Watu wakacheka huku wanalia, na Nyanzobe naye akacheka, kisha ndipo machozi yake yakapata njia.

Tulipotoka makaburini, wazee wa ukoo walinitazama. Mimi nilikuwa mtu wa Ngokolo, asiye wa ukoo. Akina mama walikuwa wameshaleta udongo uliooza vizuri, ule nilioufinyanga kwa kazi nyingine.

"Utaziba vipi?" Nyanzobe akaniuliza.

Nilikuwa nikiliwaza hilo tangu tofali ya kwanza ilipotoka. Ningeweza kuzipanga kama alivyozipanga yeye, bega kwa bega. Badala yake nilikata nafasi kwenye kingo za ukarabati wetu, nikaingiza tofali mpya kati ya zilizokuwapo, moja baada ya nyingine, kama vidole. Nilijaza udongo wa kushika, nikaushindilia kwa kiganja. Baada yake hakuna mwingine wa kupita pale. Nyanzobe alinipa tofali kwa mkono wake mpaka ya mwisho, na tuliponyanyuka alisema neno moja tu, "Wabeja." Ni asante ya huku.

Kiraka hicho kimekauka rangi ya kahawia, hakifanani na wenzake. Nyufa hazijarudi tena. Kijana niliyemkabidhi funguo aliniuliza kama akisawazishe na kukipaka rangi moja na ukuta. Nikamwambia akiache. Akauliza na ile boriti, mbona haina kazi, si afadhali itolewe ikatumike kwenye paa la ofisi?

Msiitoe. Mgeni akiwauliza ni ya nini na dirisha hakuna, mwambieni ukuta nao unachoka.